Mzee kipofu aliyeijua namba iliyo kwenye simu yako

Umewahi kucheza gemu, pesa zako zikapanda weee hadi zikakwama kwenye 2,147,483,647? Gemu haijaharibika. Hiyo ndiyo namba nzima kubwa zaidi inayotoshea katika biti 32, moja ikiwa imetengewa alama ya chanya au hasi.

Sasa sikia hii. Kuna mzee aliyeichambua namba hiyo kabla kompyuta haijaota hata kwenye ndoto ya mtu, na macho yake yalikuwa yameisha. Anaitwa Leonhard Euler.

Alizaliwa 1707 mjini Basel, Uswisi. Babake, mchungaji, alitaka kijana amfuate kanisani, hadi mwalimu Johann Bernoulli alipomshawishi amwache asome hesabu. Akiwa na miaka 20 akafika St Petersburg, Urusi, kufanya kazi. Huko jicho la kulia likafifia. Akahamia Berlin miaka 25, akarudi Urusi 1766, na la kushoto nalo likaingia mtoto wa jicho. Mwaka wa 1771 nyumba yake ikateketea, mtumishi akamtoa motoni. Mwaka huohuo akapasuliwa jicho, akaona kwa muda mfupi tu, giza likarudi.

We ungefanya nini? Yeye, 1772, alituma barua kueleza kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa, yaani haigawanyiki kamili ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Si mchezo, bana. Kuhakikisha hilo, unapaswa kujaribu kuigawanya kwa kila namba tasa hadi 46,340. Ziko karibu 4,800, na hakuna kalkuleta. Euler hakukimbilia kugawanya. Alionyesha kwanza kwamba namba tasa yoyote inayoweza kuigawanya lazima, ukiigawanya yenyewe kwa 248, ibakishe 1 au 63. Zile 4,800 zikapungua hadi chini ya mia moja. Hizo sasa zinamalizika.

Kwa zaidi ya miaka 70 hakuna aliyepata namba tasa kubwa kuliko hiyo. Naye mzee hakupumzika. Aliwaza, wanawe na wasaidizi wakaandika, hadi alipofariki 18 Septemba 1783.

Mimi niliacha chuo nikiamini hesabu ni ya wenye kasi, na mimi sina kasi. Kumbe huyu alishinda kwa kujua ni kazi gani haina haja ya kufanywa. Laiti ningejua mapema.

Na tia alama hii kwenye kalenda: 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, saa za hapa kwetu. Kompyuta za zamani zinazohesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa biti 32 zitafika kwenye namba hiyohiyo, zishindwe kuendelea kuhesabu sawasawa. Zikianza kuchanganyikiwa, utakuwa unajua zimegonga ukuta gani.