Krapf na Mavuno Asiyoyaona

Maneno ya Mtume Paulo kwa Wagalatia kuhusu kupanda na kuvuna hufasiriwa aghalabu kana kwamba apandaye ndiye avunaye. Mimi, nisomeshaye isimu, humkumbuka Johann Ludwig Krapf.

Mjerumani huyo, aliyezaliwa mwaka 1810, aliingia Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo homa ilimwua mkewe, Rosine, na kitoto chao kichanga kikamfuata. Aliwazika, akaendelea kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Alihubiri Rabai pamoja na Johannes Rebmann, lakini waliobatizwa hawakutimia hata vidole vya mkono. Afya mbovu ikamrudisha Ulaya mwaka 1853.

Walakini alikuwa amepanda mbegu nyingine: maneno. Sarufi yake ilichapishwa mwaka 1850. Kamusi yake, iliyosheheni Kimvita, ilitoka London mwaka 1882, naye alikwisha kufa huko Korntal Novemba 1881. Hata leo nisakapo asili ya neno, huanzia humo.

Hata hivyo simtakasi. Waswahili walikuwa wakiandika kwa hati za Kiarabu zamani kabla yake. Yeye alishikilia hati za Kirumi, akichelea kwamba zile zingeupa nguvu Uislamu. Mbegu hiyo nayo ilimea. Nikiwapa wanafunzi wangu mswada wa utenzi wa kale, wengi wao huugeuzageuza mikononi, wasijue usomwe kuanzia upande gani.