Jon Postel: Mtunza Daftari la Namba za Intaneti

Unapoweka neno la siri la Wi-Fi kwenye simu yako, iwe ni kwenye steshenari ya Nkome au ofisini Geita mjini, simu hupewa namba ndani ya sekunde chache bila wewe kuandika chochote. Mara nyingi namba hiyo huanza na 192.168. Bila namba, simu haina anwani, na ujumbe unaotumiwa hauna pa kufikia. Leo tunamwangazia Mmarekani aliyetumia maisha yake kuhakikisha namba za mtandao hazigongani.

Jonathan Bruce Postel alizaliwa Agosti 6, 1943, jimboni California. Mwaka 1969 alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakati kompyuta ya chuo hicho ilipotuma ujumbe wa kwanza kwa kompyuta nyingine kupitia ARPANET, mtandao uliozaa intaneti ya leo. Kompyuta zilikuwa chache, na namba zake zilitosha daftarini. Lakini ilibidi awepo mtu wa kuandika nani amepewa namba ipi. Kazi hiyo ikamwangukia Postel, na hakuiacha hadi kifo.

Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1974, kisha mwaka 1977 akahamia taasisi ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California. Huko aliendelea kuhariri RFC, mfululizo wa nyaraka zinazoeleza kanuni za intaneti. Waraka namba 791 wa Septemba 1981, alioukamilisha yeye, ndio ulioweka anwani za IP za toleo la nne. Jumla yake ni takriban bilioni 4.3. Wakati huo zilionekana nyingi kupita kiasi, leo hazitoshi.

Kadiri kompyuta zilivyoongezeka, fundi hakuweza tena kuandika namba kwenye kila mashine. Mwaka 1993 RFC zikatangaza DHCP, utaratibu wa kugawa namba wenyewe kwa wenyewe. Postel hakuubuni, mwandishi wake ni Ralph Droms, lakini ulipita mikononi mwa Postel akiwa mhariri.

Ufikirie kama mapokezi ya nyumba ya wageni. Simu ikifika huuliza mtandao mzima nani anagawa namba. Ruta hujibu kwa kutaja namba iliyo wazi. Simu huiomba namba hiyo, na ruta huithibitisha na kuiandika. Namba hutolewa kwa muda maalumu, kama chumba. Muda ukiisha bila kuongezwa, hupewa mgeni mwingine. Vifaa viwili vikipewa namba moja, ni sawa na wageni wawili kupewa chumba kimoja: mawasiliano huvurugika. Na kompyuta ikionyesha namba inayoanza na 169.254, kwa kawaida maana yake haikupata jibu la mgawaji, hivyo imejipa namba yenyewe.

Nguvu ya Postel ilitokana na kuaminiwa tu. Januari 1998 aliwaomba waendeshaji wa seva 8 kuu za majina ya intaneti wafuate kompyuta yake badala ya ile iliyokuwa chini ya serikali ya Marekani, nao wakakubali. Serikali ilikuja juu, akarudisha mambo yalivyokuwa na kusema lilikuwa jaribio. Swali likabaki wazi: je, daftari la dunia nzima likae kwa mtu mmoja, au kwa serikali moja?

Mwaka huo huo ikaundwa ICANN ili kubeba jukumu hilo. Postel hakuiona ikikua. Alifariki Oktoba 16, 1998, baada ya upasuaji wa moyo, akiwa na miaka 55.

Sisi pia tumo katika daftari lake. Ofisi yake ndiyo iliyokabidhi jina la Tanzania, .tz, mwaka 1995. Enzi hizo mitandao ya Afrika iliomba namba Ulaya au Marekani. Tangu 2005 bara hili lina mgawaji wake, AFRINIC, mwenye makao Mauritius. Na mwaka 2007 tuzo yenye jina la Postel ilikwenda kwa Nii Quaynor wa Ghana, mmoja wa waliopigania Afrika ijishikie daftari lake yenyewe.