Mwenyeheri Niels Stensen: Mwanasayansi Aliyepanda Altareni

Niels Stensen alizaliwa Copenhagen, Denmark, mwaka 1638, mwana wa sonara, akalelewa katika imani ya Kilutheri. Mwaka 1660, akichunguza kichwa cha kondoo huko Amsterdam, aligundua mfereji uletao mate kinywani, ambao hadi leo huitwa kwa jina lake. Baadaye alionyesha kwamba moyo, uliodhaniwa kuwa chimbuko la joto la uhai, ni msuli.

Mwaka 1667 alichapisha huko Florence, Italia, kitabu kuhusu misuli. Humo alieleza kwamba mshipa mkuu wa damu ushukao tumboni mwa mnyama ukifungwa, miguu ya nyuma hupooza. Ukifunguliwa, nguvu hurudi. Mishipa ya fahamu haikukatwa, ila pasipo damu haikuweza kuitikisa miguu. Sayansi ya leo imeongeza kwamba tangu tumboni mwa mama, mishipa hiyo ya aina mbili hukua ikiongozana: ile ya fahamu hutoa protini ivutayo ya damu, nayo ya damu hutoa protini zielekezazo ya fahamu.

Katika maisha ya Stensen mwenyewe, akili na imani zilikua vivyo hivyo. Mwaka 1666, mjini Livorno, aliyaona maandamano ya Ekaristi Takatifu, yakamwachia swali zito moyoni. Alisoma, akahoji, akasali. Na mwezi Novemba 1667 akapokelewa katika Kanisa Katoliki. Alipewa Daraja Takatifu ya Upadre mwaka 1675, na miaka miwili baadaye akawekwa wakfu kuwa Askofu kwa ajili ya Wakatoliki wachache wa kaskazini mwa Ulaya. Mwaka 1683 aliondoka Münster, Ujerumani, akipinga uchaguzi wa Askofu uliochafuliwa kwa fedha. Alifariki dunia Schwerin mwaka 1686, akiwa fukara. Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenyeheri tarehe 23 Oktoba 1988.

Ndugu wapendwa, wapo vijana wetu wanaoambiwa kwamba anayesomea sayansi ataipoteza imani, na wengine kwamba anayesali ameacha kufikiri. Wazazi na makatekista, tusimlazimishe kijana kuchagua kati ya maabara na altare. Mshipa mmoja ukifungwa, mwili hupooza.

Mwenyeheri Niels Stensen, utuombee.