Cairati, Mtaliana Aliyepiga Hesabu ya Ukuta wa Fort Jesus

Wenyeji wa Mji wa Kale hupita kando ya Fort Jesus kila uchao, lakini ni wachache waliopata kujiuliza kwa nini ukuta wake haukunyoka. Huenda mbele, ukaingia ndani, ukatoka tena, ukapiga pembe, kama kwamba fundi alikuwa akilipwa kwa urefu wa ukuta. Aliyeupinda hivyo kwa makusudi alikuwa Giovanni Battista Cairati, Mtaliana wa Milan, ambaye Wareno walimwita João Batista Cairato.

Bwana huyu alikuwa mtumishi wa Mfalme Felipe wa Pili wa Uhispania, aliyekuja kuitawala Ureno pia. Mwaka 1583 alipewa ukuu wa wajenzi wa ngome zote za Wareno katika Bahari ya Hindi. Kazi yake ikaenea Malacca, Hormuz, Maskati, Daman na Bassein, akizirekebisha ngome kuukuu ambazo hazikuweza tena kustahimili mizinga.

Mvita nayo ilikuwa imewasumbua Wareno kwa muda mrefu. Waliichoma mwaka 1505, wakairudia mwaka 1528, na baada ya Amiri Ali Bey kuja na merikebu zake za Kituruki, wakaivamia tena mwaka 1589. Hapo ndipo walipoamua kukaa. Ngome ikaanza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Cairati, chini ya Kapteni Mateus Mendes de Vasconcelos. Waashi waliletwa kutoka Bara Hindi, na vibarua wakatoka Malindi. Kwa hivyo ramani ni ya Mtaliana, lakini jasho si lake.

Sasa natuiangalie hesabu yenyewe. Tuseme fundi ana mawe ya kutosha ukuta wa pima 240 tu. Akijenga mstatili wa pima 80 kwa 40, mzingo ni 80 na 40, mara mbili, yaani 240, na nafasi ya ndani ni pima za mraba 3,200. Akijenga mraba wenye pande za pima 60, mzingo ni ule ule 240, lakini nafasi yafika 3,600. Akijenga duara, mzingo ambao ni kipenyo mara 3.14, atapata kipenyo cha pima 76 na kitu, na nafasi karibu 4,580. Duara ndilo linalobana mawe kuliko umbo jingine lo lote.

Mafundi wetu wa nyumba za mawe wanalijua jambo hili kwa njia yao. Upana wa chumba hufuata urefu wa boriti, ambao haufiki mbali, basi atakaye nafasi hana budi kukirefusha chumba, na hapo hutumia mawe mengi kuliko ambavyo angetumia kwa chumba cha mraba chenye nafasi hiyo hiyo.

Mbona basi Cairati hakujenga duara? Kwa sababu askari aliye juu ya mnara wa duara hamwoni adui aliyejibanza chini yake, wala mwenzake wa mnara wa pili hamwoni, kwa kuwa mviringo wenyewe unamficha. Wataliana walikuwa wamekwisha kuitafutia dawa kasoro hiyo: buruji zenye pembe, zinazochomoza nje ili kila moja iutazame ukuta wa mwenzake. Dawa yenyewe ni ghali. Uondoe pima 10 za ukuta ulionyoka, uweke mahali pake pembe yenye pande mbili za pima 13 kila mmoja; mzingo umeongezeka pima 16. Fanya hivyo mara nne katika ule mraba wetu, na 240 zimekuwa 304. Nafasi imeongezeka pima za mraba 240 tu, lakini hakuna tena mahali pa adui kujificha.

Huo ni mfano wa kufunzia, si vipimo vya Fort Jesus. Kwa umbo kama lile hakuna njia ya mkato; mpimaji hana budi kuuandama ukuta kipande kwa kipande na kujumlisha. Ukitazamwa kwa juu, mchoro wake ni kama mtu aliyelala chali: buruji nne ni mikono na miguu, na kichwa kimeelekea baharini. Wajuzi wa Ulaya wa zama zile waliamini kwamba vipimo vilivyotimia ni vile vya mwili wa mwanadamu.

Hesabu ilikuwa sahihi, lakini haikuwafaa Wareno kama walivyotumai. Mnamo Agosti 16, 1631, Sultani Yusuf bin Hassan, waliyemlea Goa na kumbatiza Dom Jerónimo, aliingia kwa mlango, akamwua kapteni na kurudi katika Uislamu. Kuanzia Machi 1696 Waomani waliizingira ngome kwa miezi 33. Njaa na maradhi vilifanya kazi kubwa kuliko mizinga, na walipoingia Desemba 1698 walikuta waliosalia hai ni wachache mno.

Cairati hakuyaona hayo. Alifariki Goa mwaka 1596, wakati ngome ya Mvita ndiyo kwanza inakamilika, naye hakupata kurudi kwao Milan.