Ronald Ngala na Baraza la Pwani

Yatupasa sisi watu wa Malindi, Mambrui na Takaungu kuijua habari ya Ronald Gideon Ngala, ijapokuwa hakuwa wa dini yetu. Mambo aliyoyashindania yaligusa nyumba zetu na mashamba yetu, na wako baina yetu ambao hata leo humtaja kwa hamaki bila ya kuijua sababu.

Alikuwa Mgiriama, aliyezaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 katika nchi iliyo nyuma ya Kilifi. Alisoma shule za misheni, kisha Alliance, kisha Makerere, akarudi kusomesha Kaloleni na baadaye Mombasa. Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipopiga kura kwa mara ya kwanza kupeleka wajumbe katika Baraza la Kutunga Sheria, walichaguliwa wanane tu, naye akawa mjumbe wa Pwani. Wanane hao walikataa uwaziri mpaka viti vyao viongezwe, na vikaongezwa. Mwanzo wa 1960, katika mkutano wa Lancaster House, London, wenziwe walimfanya yeye kiongozi wa ujumbe wa Waafrika, ilhali Mboya na Odinga wamo. Twaona walimwamini kwa kuwa hakuwa na kabila kubwa nyuma yake la kuwatisha wengine.

Juni mwaka huo makabila madogo yaliunda chama cha KADU, na Ngala akawa rais wake. Katika uchaguzi wa 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11, lakini KANU ilikataa kuunda serikali maadamu Kenyatta yumo kizuizini. Ngala akaingia, akawa kiongozi wa shughuli za serikali barazani.

Hapo ndipo lilipozuka suala la Mwambao. Ukanda wa maili kumi ulikuwa milki ya Sultani wa Unguja, chini ya utawala wa Waingereza kwa mapatano ya 1895, na wengi wa wazee wetu walitaka ujitenge na Kenya. Waliogopa kumezwa na watu wa bara, na hofu hiyo haikuwa ya upuuzi. Lakini tuseme kweli. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwapa hati Waarabu, Waswahili na wageni wengine, na Mgiriama aliyelima Malindi akabaki maskota katika shamba la mtu. Kwake yeye Mwambao maana yake ilikuwa mwenye hati abaki na hati yake, naye afungiwe njia ya bahari. Ngala angewezaje kuukubali?

Alichokitaka badala yake ni majimbo: Pwani iwe na baraza lake, na ardhi yake iangaliwe na wenyeji wake. Sir James Robertson, aliyetumwa kuchunguza, alishauri Desemba 1961 ukanda uunganishwe na Kenya, na makadhi wawekewe dhamana. Mapatano yalitiwa sahihi London Oktoba 1963.

Mabaraza ya majimbo yalianza 1963, Pwani ikiwa mkononi mwa KADU, na Ngala akaongoza upinzani Nairobi. Serikali ya KANU ikayanyima fedha na madaraka, wajumbe wa KADU wakahama mmoja mmoja. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alitangaza bungeni kwamba chama chake kimevunjwa, akavuka kwenda upande wa pili. Mwaka 1966 akawa waziri wa Ushirika. Wako wanaomlaumu kwamba aliuza baraza kwa cheo. Sisi twasema baraza lilikuwa limekwisha kunyongwa kabla ya yeye kuvuka, ingawa angaliweza kukaa kitako na kulilia.

Tarehe 12 Desemba 1972 alipata ajali ya gari katika njia ya Mombasa na Nairobi, akafariki tarehe 25. Makadhi wamebaki katika katiba, hata hii ya 2010. Baraza nalo lilirudi baada ya miaka karibu 50: mwaka 2013 wajumbe wa kaunti ya Kilifi walikutana Malindi wakiwa na spika wao, na katika mambo yaliyowangoja mezani lilikuwamo lile la maskota.