MKUNGA ALIYEFUNDISHA KWA MTOTO WA KITAMBAA



Katika Kutoka sura ya 1 tunasoma habari za Shifra na Pua, wakunga waliomcha Mungu wakaokoa watoto wa Waebrania. Safari hii tumependa kuwasimulia maisha ya mkunga mwingine, Mfaransa, aliyeitwa Angélique du Coudray.

Mama huyu alipata cheti cha ukunga mjini Paris mwaka 1740. Baadaye alihamia jimbo la Auvergne, mbali na mji mkuu. Huko aliona wanawake wa vijijini wakifa katika uzazi, na watoto wakizaliwa wakapata vilema, kwa kuwa waliowazalisha hawakufundishwa. Vitabu vya waganga vilikuwepo, lakini wengi wa wanawake wale hawakujua kusoma, na maneno matupu husahaulika upesi.

Ndipo akashika sindano. Kwa kitambaa na ngozi alishona mfano wa kiuno cha mwanamke, wa ukubwa wa kweli, na mtoto wa kitambaa mwenye kitovu na kondo lake. Aliweka kamba na mikanda ya kuonyesha njia ya uzazi inavyopanuka. Kila mwanafunzi alitia mkono wake mwenyewe, akapapasa kama ni kichwa au mguu, akajifunza kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya. Aliyekosea alirudia, wala hakuna mama aliyepoteza uhai kwa kosa hilo.

Mwaka 1759 mfalme Louis wa 15 alimpa kibali cha kufundisha nchi nzima. Mwaka huohuo alitoa kitabu chake, na toleo la mwaka 1769 lilikuwa na picha za rangi. Kwa zaidi ya miaka 20, hadi mwaka 1783, alizunguka mji kwa mji akifundisha maelfu ya wanawake. Miji ilinunua mifano yake ili masomo yaendelee akiisha kuondoka. Alifariki mwaka 1794. Mfano mmoja umehifadhiwa hata leo katika jumba la makumbusho mjini Rouen, na wanafunzi wa uuguzi na ukunga duniani bado hujizoeza kwa mifano ya namna hiyo kabla ya kumgusa mgonjwa.

Kwa nini tunawaandikia haya? Hapa Bujumbura tunao mama ambao vita viliwanyima shule. Wakiitwa kwenye mafundisho ya afya, hubaki nyumbani wakidhani hayo ni ya waliosoma. Wapendwa, tusikubali wazo hilo. Asiyejua kusoma anayo macho na mikono. Ninyi mnaofundisha, leteni picha, leteni mdoli, waacheni washike na kujaribu. Mama aliyefundishwa hivyo hutambua hatari mapema, na humpeleka mwenzake kituo cha afya kabla jua halijazama.

Mungu awabariki.