Anthony Allison, daktari aliyegundua siri ya selimundu

Wazazi wengi wa Gisenyi na wenzao wa Goma wanaujua ugonjwa wa selimundu, ule ambao hospitalini huitwa SS. Mtoto analia kwa maumivu ya mifupa, damu inapungua, na majirani wanaanza kunong'ona kwamba karogwa. Aliyeeleza kwa nini ugonjwa huu haujaisha Afrika ni daktari Anthony Allison.

Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akakulia Gilgil, Kenya, na kusomea Johannesburg na Oxford. Mwaka 1949 alijiunga na msafara wa Oxford uliokwenda Mlima Kenya, akawa anakusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika 100 walibeba alama ya selimundu. Kwenye nyanda za juu hakufika hata mmoja. Tofauti hiyo haikufuata kabila wala lugha, ilifuata malaria.

Mwaka 1953 alirudi Afrika Mashariki. Kati ya watoto 290 aliowapima Uganda, 43 walikuwa na alama, na 12 kati yao walikutwa na malaria. Kwa wale 247 wasio na alama, waliokutwa nayo walikuwa 113. Mwaka 1954 akatangaza kuwa anayerithi alama kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua.

Mwaka 1948 Mmarekani Claude Shannon alikuwa ameonyesha kuwa habari inaweza kupimwa, kama tunavyopima mchele. Baadaye ikajulikana kuwa urithi nao ni habari, iliyoandikwa kwa herufi nne, na kwamba selimundu hutokana na herufi moja tu iliyobadilika. Kosa hilo lingefutika, maana watoto wengi wa SS walikufa kabla ya kuzaa. Lakini penye mbu, waliolibeba kwa upande mmoja walipona na kuzaa, nalo likabaki. Ndivyo mazingira yanavyoandika habari zake katika damu ya vizazi.

Allison alifariki Marekani mwaka 2014, akiwa pia amesaidia kutengeneza dawa inayowakinga waliopandikizwa figo.

Ndugu msomaji, habari hii haionyeshi kitambulisho mpakani. Sisi tuliorudi kutoka Uganda, Tanzania au Kongo tulirudi na urithi wetu, na vijana wetu wanaoana pande zote mbili za mpaka. Mtu anaweza kubeba alama bila kuumwa hata siku moja. Wachumba wawili wakiwa nayo, kila mimba ina uwezekano wa mara moja katika nne kuleta mtoto wa SS. Kwa hiyo, kabla ya kupeleka mahari, wapimwe damu wote wawili. Na mtoto akiugua, apelekwe hospitalini, asitafutiwe mchawi.